Hema la chini au hema la juu ya gari? Jiulize kwanza gari lako litashinda wapi

Kila masika yakikaribia kuisha, ile mwezi wa tano mwishoni barabara za vumbi zinaanza kukauka, lazima kuna mtu atanipigia kuniuliza habari za mahema. Mwaka huu kaanza binamu yangu wa Goba. Kanunua Prado ya mkono wa pili, alafu kaona mahali picha ya hema limefunguliwa juu ya paa la gari, ngazi imeshuka pembeni, watu wamekaa mlangoni miguu inaning'inia wanakunywa chai na jua linazama nyuma yao, basi usingizi ukamruka. "Kaka, ninunue hili la juu au nibaki na hema letu lile la kawaida la kusimamisha chini?" Nikamwambia kabla sijakujibu na mimi nikuulize, gari lako huko porini litashinda wapi?

Hakunielewa, na simlaumu, maana kila mtu anauliza atalala wapi, hamna anayeuliza gari litashinda wapi. Lakini nimeshalala sana kwenye yote mawili, pwani, milimani na hifadhini, na naamini kabisa hili ndo swali linaloamua. Hema la chini ni nyumba inayojitegemea, ukishalisimamisha lipo, gari likiondoka nyumba inabaki. Hema la juu limeungana na gari kama kobe na gamba lake, gari likitaka kwenda hata dukani kufata mkaa inabidi nyumba nzima ikunjwe. Mengine yote, simba, baridi, ngazi, bei, yanakuja nyuma ya hilo.

Chukua Mikumi, maana ndo hifadhi inayofikika kirahisi kwa lami ukitokea Dar, karibu kilomita 300 ukipita Chalinze na Morogoro, unaondoka Ijumaa mchana na Jumapili usiku uko kitandani kwako. Watu wanaenda Mikumi kuangalia wanyama, na wanyama wanaonekana vizuri asubuhi mapema kabla jua halijawa kali, kwahiyo saa 12 gari linatakiwa liwe limeshawaka kuelekea uwanda wa Mkata. Mwaka juzi tulienda familia mbili, shemeji yangu na hema la juu, sisi na la chini. Saa 11 na nusu bado giza, shemeji kasimama juu ya tairi la nyuma na tochi kichwani anavuta mkanda, watoto wake wameshushwa na mablanketi wanasinzia kwenye viti vya plastiki, kitambaa kimelowa umande mikono inateleza, ngazi imeshakunjwa, hema limeshalala, alafu anagundua ncha ya blanketi imetokeza pembeni na kifuniko hakifungi, inabidi afungue aanze upya. Dakika 25 zilienda pale. Sisi tulivuta zipu tukapanda gari. Na jioni yake tuliporudi tumechoka, sisi tukaingia tukajitupa, yeye akaanza tena kutafuta sehemu iliyo sawa ya kupaki, maana hema la juu gari likiinama kidogo tu usiku kucha mnateremkiana upande mmoja, akawa anaweka mawe chini ya tairi huku mke wake anamwelekeza, rudi kidogo, kidogo tena, simama hapo hapo.

Lakini nisidanganye kwamba hema la chini lilitoka salama. Jumapili tulirudi saa 5 asubuhi tukakuta limelala, nyani wamelikalia, ufito mmoja umekatika katikati na neti ya dirishani imechanwa urefu wa kiganja, ndani kulikuwa na mfuko wa mikate tuliousahau na wao walishajua. Tangu siku hiyo nikiondoka asubuhi natoa kila kitu chenye harufu, hata dawa ya meno, alafu nachomoa fito nalilaza hema bapa chini na kuweka mawe kwenye kona. Nyani na tumbili hema lililosimama linawavutia kuchezea, likilala bapa wanalipita. Kulilaza na kulisimamisha tena ni dakika 5.

Sasa geuza safari. Umechukua likizo ya siku 10 unazunguka kaskazini, leo Tarangire, kesho ukingo wa Ngorongoro, kesho kutwa Seronera ndani ya Serengeti, kila usiku mahali papya. Hapo kukunja ni lazima kila asubuhi kwa vyovyote vile, na hema la juu linakuwa zuri kweli kweli, kwasababu godoro na mashuka vinakunjwa humo humo, ukifika unafungua mikanda, unavuta ngazi, kitanda kiko tayari. Yale ya gamba gumu yanayoinuka kama mdomo wa mamba yanafunguka ndani ya dakika 2, yale ya kukunjua ya turubai ni dakika 10 hivi ukishazoea. Ndo maana makampuni ya Arusha yanayokodisha magari ya kujiendesha mwenyewe, RAV4 na Land Cruiser, yanayafunga sana haya mahema ya juu. Mgeni wao anahama kila siku. Wewe wa Dar unayeenda sehemu moja kukaa siku mbili alafu unarudi, maisha yako sio yale.

Alafu kuna aina ya tatu ya safari watu wanaisahau, gari linafika na kulala hapo hapo mpaka mnaondoka. Udzungwa kwa mfano, ile hifadhi iliyotangazwa mwaka 1992, watu wanaizunguka kwa miguu, gari unaliacha unapanda kwenda kuona maporomoko ya Sanje yenye mita kama 170. Hapo hema la juu linakaa wazi kutwa bila kumsumbua mtu. Fukwe za Kigamboni hivyo hivyo, ukishapaki Jumamosi asubuhi hauna pa kwenda. Ila ukisema unataka kulala huko huko msituni juu, au unapanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, basi ujue mjadala umeisha, hema ni la kubebwa mgongoni, na mlimani kule mpagazi mzigo wake una kikomo cha kilo 20.

Tuje kwenye paa la gari. Hapa ntakaa kidogo maana ndo sehemu watu wanapata hasara kubwa, na wengine wanahatarisha roho zao bila kujua.

Kitabu cha gari kinaandika uzito ambao paa linaruhusiwa kubeba, na uzito huo ni wa gari likiwa linatembea. Magari mengi ya familia utakuta ni kati ya kilo 50 na 100, na kuna vigari kama Suzuki Jimny ya sasa kitabu kinasema kilo 30 tu. Ndani ya namba hiyo unahesabu kila kilichopo juu, keria yenyewe, hema, dumu la maji, koleo, tairi la spea kama umelipandisha. Hema la juu la watu wawili mara nyingi ni kilo 45 mpaka 80, la familia linavuka hapo. Kwahiyo ukiwa na paa la kilo 80, keria ya kilo 40 na hema la kilo 60, tayari uko kwenye 100, umezidisha kilo 20 na bado haujaweka hata sufuria.

Swali linalofata kila mtu analiuliza: kama paa linabeba kilo 80, mimi na mama watoto peke yetu tuna kilo 150, tutalalaje huko juu? Ni swali zuri sana. Jibu ni kwamba gari likisimama uzito unakandamiza chini moja kwa moja kupitia nguzo za milango, na nguzo hizo zimetengenezwa kuhimili mengi, mpaka gari kubinuka, kwahiyo likiwa limepaki paa linaweza kubeba mara kadhaa ya ile namba ya kwenye kitabu. Likitembea mambo yanabadilika. Mfikirie mama aliyetoka bombani na ndoo ya lita 20 kichwani, akisimama anaongea na jirani nusu saa wala haimsumbui. Mwambie akimbie, akate kona ghafla, aruke mtaro. Ndoo ni ile ile, maji ni yale yale, lakini shingo itakwambia tofauti. Ukikanyaga breki, mzigo wa juu unataka kuendelea mbele, ukikata kona unataka kwenda pembeni, ukiingia shimo unapiga chini kama nyundo, na yote hayo yanaishia kwenye boliti nne au sita zilizoshika keria.

Na kingine, uzito ukikaa juu gari linakuwa jepesi kulala kwenye kona. Barabara iliyonyooka ya Chalinze hautahisi sana, labda basi likikupita kwa kasi ndo utaona usukani unavutwa. Nenda kona za kupanda Lushoto kutokea Mombo, au Kitonga ukielekea Iringa kwenda Ruaha, hapo utajua kwamba gari lako sio lile la zamani, na breki unatakiwa uanze kuzikanyaga mapema kuliko ulivyozoea.

Keria sasa. Land Cruiser za zamani zile za mkonga zina mfereji wa mvua pembeni mwa paa, keria inashika kwenye mfereji urefu wote na uzito unagawanyika vizuri. Magari ya siku hizi hayana mfereji, mengine yana zile reli za pembeni na mengine reli zenyewe ni urembo, ukizigonga unasikia kabisa ni bati jepesi. Nilimpeleka rafiki yangu kwenye gereji moja akachomelewe keria ya chuma, fundi akatuambia, "Bosi, hii hata ng'ombe analala." Nikamuuliza ina kilo ngapi, akasema hajawahi kupima. Tukaibeba watu wawili mpaka kwenye duka la nafaka jirani, tukaiweka kwenye mizani ya magunia, mshale ukasimama kilo 43. Kwa gari ambalo kitabu chake kinaruhusu 75. Fundi mwenyewe alishangaa, na nampongeza, maana alikubali kutoa vyuma viwili vya katikati na kubadilisha bomba la pembeni, ikashuka mpaka 31. Kazi yake ilikuwa safi, tatizo ni hakuna mteja aliyewahi kumuuliza uzito. Muulize. Na uende na kitabu cha gari, ukurasa wa paa umeukunja kabisa.

Ukishafunga, tembea kilomita 100 za kwanza alafu simama ukaze boliti zote upya, na ukitoka kwenye ile barabara ya vumbi yenye mawimbi mawimbi, kama ile ya kutoka Ngorongoro kwenda geti la Naabi la kuingilia Serengeti, kaza tena siku hiyo hiyo. Mtikisiko ule unalegeza kila kitu.

Mafuta yataongezeka, hilo halina ubishi, ni kiasi gani inategemea na umbo la hema na mguu wako. Upepo una tabia moja, ukizidisha mwendo mara mbili, msukumo wake unaongezeka mara nne, kwahiyo aliyefunga hema juu akitembea 80 badala ya 110 atapunguza gharama sana. Lingine dogo lakini linauma mjini: hema lililokunjwa linaongeza sentimita 20 mpaka 35 juu ya keria, na wewe kama ofisi yako ni Posta unapaki chini ya jengo, pima kwanza ile kingo ya getini. Kulishusha hema kila Jumatatu sio kazi ya mtu mmoja, ni watu watatu wanne, au ufunge kapi kwenye dari la kibanda cha gari kama unacho.

Sasa simba, maana najua ulikuwa unalisubiria hilo.

Watu wengi wananunua hema la juu kwa ajili ya usalama wa wanyama, na kweli moyo unatulia ukiwa mita mbili juu, silipuuzi hilo, mtu asiyelala kwa hofu hajapumzika. Ila ukweli ni kwamba kempsaiti za umma za Seronera hazina uzio, kila usiku wa msimu kuna watu wamelala kwenye vihema vya kawaida chini, fisi wanapita, simba wanaunguruma karibu, na asubuhi watu wanaamka wanachemsha maji ya chai. Mnyama akiona hema lililofungwa analiona kama kitu kigumu kisichomhusu. Kinachomkaribisha ni zipu iliyoachwa wazi, chakula ndani, nyama iliyobaki kwenye jiko, viatu nje ambavyo fisi atavibeba akatafune, na matunda, hasa machungwa, tembo ananusa kutoka mbali. Chui anapanda mti, ngazi yako ya alumini haiwezi kumshinda. Kwahiyo nidhamu ni ile ile juu na chini: chakula kwenye gari, zipu mpaka mwisho, na ukitaka kutoka usiku mulika kwanza pande zote taratibu uone kama kuna macho yanayong'aa. Pia usisimamishe hema kwenye njia ya kiboko kati ya maji na majani, unaiona kabisa, imechimbika kama mfereji mpana.

Hema la juu linapomshinda mwenzake kweli kweli ni kwenye vidogo. Nge, tandu, nyoka anayetafuta joto, hawa wote wa chini. Hata hivyo siafu wanapanda tairi wakiamua, nimewaona, kwahiyo kagua ardhi kabla haujapaki. Na sehemu zenye mbung'o usinunue hema la bluu iliyokolea au jeusi, rangi hizo zinawavuta, ndo maana mitego yao inayoning'inizwa hifadhini ni vitambaa vya bluu na vyeusi.

Mvua ni habari nyingine. Hema la chini adui yake sio maji ya juu, ni ya chini. Kitambaa kizuri utakuta kimeandikwa milimita, 1,500 au 3,000, maana yake ukisimamisha bomba la maji juu ya kitambaa hicho, maji yatafika urefu huo kabla hayajaanza kupenya. Milimita 1,500 kwa ukuta na paa inatosha mvua nyingi. Sakafu inatakiwa izidi, 3,000 kwenda juu, kwasababu goti lako au kiwiko kinakandamiza maji kupitia sehemu ndogo kwa nguvu kubwa. Zile hema nyepesi za bei ya chini unazozikuta Kariakoo nyingi hazina namba yoyote na mishono haijapigwa utepe kwa ndani, zinafaa usiku wa kiangazi tu. Tandika karatasi ya nailoni chini lakini isitokeze nje ya hema hata inchi moja, ikitokeza inakinga mvua na kuiingiza chini yako. Chagua mwinuko kidogo, sio ile sehemu bapa nzuri yenye udongo laini, ulaini huo umeletwa na maji yanayotuama pale. Na udongo mweusi wa mfinyanzi kama wa Saadani, ukinyesha, hema la juu halitakusaidia kitu, maana gari lenyewe haliondoki.

Pwani kuna kazi yake. Vigingi vya kawaida mchangani havishiki, upepo wa kusi ukianza saa 9 mchana Kigamboni unaving'oa vyote. Jaza mchanga kwenye mifuko, funga kamba katikati ya mfuko, uzike futi moja na nusu chini, utavuta wewe na wenzako wawili na hautatoka. Hapo gari linapumzika na wewe unalala ukisikia mawimbi. Kwa joto la Dar kwakweli hema la juu linapendeza, upepo unapita chini na pande zote.

Huo huo upepo wa chini ndo unakuadhibu Ngorongoro. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200, mwezi wa saba usiku nyuzi zinashuka chini ya 10, na hema la juu sakafu yake inapulizwa usiku kucha. La chini nalo ardhi inakunyonya joto mgongoni. Kinachokuokoa kote ni kilichopo chini yako, zaidi ya blanketi la juu. Godoro la sponji la inchi 3 linashinda lile la kujaza upepo, kwasababu hewa ya ndani ya godoro la upepo inazunguka na kupoteza joto lako, sponji inaishikilia. Wengi wanaongeza mablanketi juu wanaendelea kutetemeka kumbe baridi inatokea chini.

Tukirudi Dar kuna adui ambaye watengenezaji wa haya mahema huko Afrika Kusini na China hawamuwazii sana, nae ni unyevu wetu. Nilirudi Jumapili moja usiku, hema lina unyevunyevu kidogo tu, sio kulowa, nikasema ntalianika Jumamosi. Mvua za vuli zikaingia, Jumamosi ikapita, nikalifungua baada ya wiki mbili na nusu. Harufu kwanza. Alafu vidoti vyeusi kwenye kona zote kama mtu amenyunyiza wino, kwenye kanvasi ya pamba vimeingia ndani ya nyuzi, nilisugua kwa siki na maji, harufu ikaisha, madoa yapo mpaka leo. Kwahiyo ukinunua, fikiria una wapi pa kulianika. La chini unaliweka kwenye kamba ya nguo au juu ya ukuta. La juu unalifungua juu ya gari, na unahitaji nafasi ya gari na nusu pembeni, wapangaji wenzako nao wapite. Mwenye nyumba ya ghorofa Kinondoni na nafasi moja ya kupaki, hili peke yake linaweza kuamua.

Ngazi usiku. Mimi nina mama yangu mwenye magoti, tukienda nae safari hema la juu halifikiriwi, na mjamzito vivyo hivyo. Watoto wa miaka mitano kwenda chini wanapenda sana kupanda mchana, lakini saa 8 usiku mtoto anataka kukojoa, amelala nusu, ngazi ina umande, hapo mzazi ndo anajua. Kuna wanaoweka kopo lenye mfuniko humo ndani na inafanya kazi vizuri.

Pesa nitaipitia haraka. Hema zuri la chini la familia unalinunua kwa laki kadhaa, la juu jipya ni mamilioni, na ukiagiza nje ongeza usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, alafu keria. Kuna mtu anasema litadumu. Litadumu, ndio, ila anayesafiri wikiendi tatu kwa mwaka agawanye hiyo bei kwa idadi ya usiku atakaolala humo kabla hajatoa hela.

Binamu yangu nilimpigia hesabu yake hivyo hivyo kwenye simu. Watoto watatu, mama mkwe anakuja mara kwa mara, safari zake ni Mikumi na Kigamboni, anakaa sehemu moja, gari linaondoka asubuhi. Nikamwambia nunua la chini, kubwa, unaloweza kusimama ndani ukavaa suruali, fito za alumini badala ya faiba, sakafu ya milimita 5,000, na mwaka utakaotaka kwenda Serengeti panda basi mpaka Arusha ukodi gari lenye hema juu siku 6, ulale humo, kama utalipenda tutaongea upya.

Alinyamaza kidogo, ile picha ya machweo bado ilikuwa kichwani. Lakini Jumamosi iliyofata kanipitia na hema jipya kwenye buti, tukalisimamisha uani kwake, watoto wote watatu wakaingia ndani na kazi moja tu, kupiga kelele wakiona tone. Tukafungua bomba la bustani tukalimwagia robo saa nzima, juu, pembeni, mlangoni. Dakika ya 9 yule wa mwisho akapiga kelele, "Baba, hapa!" Mshono wa juu ya dirisha la nyuma. Tukauzungushia chaki, tukaacha hema likauke jua la mchana, jioni tukapaka gundi ya mishono kwa brashi ya zamani ya mswaki, kesho yake baada ya kanisa bomba likafunguliwa tena.